Kofia Haina Nyuma

Wifi yangu Mwanahawa,

Arobaini yako imepita na khitma imesomwa. Wali ulitosha, ila mchuzi uliungua kidogo, na najua ungesema neno. Kaka yako hajambo. Bado anatoka alfajiri kwenda bandarini, na bado anaacha kikombe chake mlangoni ili mtu akipige teke. Chumba chako tumempangisha fundi saa na mkewe, watu wapole. Kariakoo ni ile ile, kelele tu zimezidi. Wanaume wanakwenda mikutanoni Mnazi Mmoja na kila mmoja anataka kofia nyeupe, kwa hiyo kazi ipo.

Si hayo lakini niliyokaa kukuandikia. Nataka kukueleza habari ya kofia ya Bi Shamsa.

Unakumbuka alivyokuja, yule mama wa Kiarabu wa duka la vyombo, akataka kofia ya kushonwa kwa mkono kwa harusi ya mwanawe. Kazi yetu ilikuwa imegawanyika tangu nilipoolewa kwenu: wewe unachora maua kwenye kitambaa, mimi nashona. Basi siku nne ukakaa barazani na kipande cha bafta mapajani, sindano hukuigusa. Mimi mikono inaniwasha. Nikakwambia mbele ya watu, "Wifi, kazi haifanywi kwa macho." Wakacheka, mama yako naye akacheka. Wewe hukukasirika. Ulisema tu, "Ninashona, wifi. Sindano ndiyo bado."

Siku ya tano homa ikakushika. Ya tisa tukakuzika.

Bi Shamsa alikuja matangani, akanipa pole, kisha akauliza kwa adabu kama aipeleke kazi yake kwa mtu mwingine. Nikamwambia, "Niachie mimi, mama." Ningemwacha aende, nani angenijia tena kwa kofia ya harusi? Ningebaki kushona za mikutano mpaka nizeeke. Wala sikuwa na wasiwasi. Watu wameusifu mkono wangu miaka yote hii, nami nikaamini kofia ni mkono.

Kitambaa chako nilikiona kitupu, nikakifungia vibiringo vya uzi. Nikachukua bafta mpya, nikaanza upande mmoja wa ule ukanda unaozunguka kichwa, ua baada ya ua, kwa kukisia. Yalikuwa maua mazuri, sikufichi. Yalinichukua wiki tatu. Nilipofika kuunga ncha na ncha, ua la mwisho likapata nafasi ya nusu. Nikalitilia jani. Likawa nusu ua lenye jani. Nikaitia wanga, nikaivika kwenye bakuli ikauke, nikawa naizungusha huku na huku natafuta pa kulificha lile jambo, na kila nikiizungusha jicho linakwenda pale pale. Nikajisemea, basi, itakaa nyuma. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: kofia haina nyuma, maana msikitini kuna safu nyuma ya safu.

Nilifumua yote. Zilikuwa zimebaki wiki nne harusi ifike, na kununua bafta nyingine niliona choyo, ndipo nikakitoa kile kitambaa chako. Nikakiinua kwenye jua la mlangoni nione kama mende hawajakila.

Wifi, kilikuwa kimejaa. Ulikuwa umekikunja mara mbili, ukakikunja tena na tena, mpaka mikunjo kumi na sita iliyo sawasawa, na kila mkunjo una alama ya penseli, hafifu, ya kuonekana juani tu. Ua lipo, jani lipo, na njia ya uzi kutoka ua hili kwenda lile. Kawaida ulinipa michoro umeshaikoleza, kwa hiyo sikuwahi kuona inavyoanza. Na kwenye ncha zote mbili ulikuwa umeweka nusu ua. Ulianzia pale pale mimi nilipokwamia. Zikikutana, maungio yanakaa katikati ya ua, na huko hakuna atakayeyatafuta.

Ndizo siku nne zile. Nililia pale mlangoni, na sikulilia kufa kwako, hilo nilishalia. Nilililia kile kicheko cha barazani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekianzisha na sikukuomba radhi.

Kisha nikanawa uso nikashika sindano, kwa sababu fikra zako peke yake zisingekaa kichwani kwa mtu. Nilishona tangu jua linapotoka mpaka linapochwa. Mama alipika, mtoto wangu akabebwa na mke wa fundi saa, vidole vyangu vikawa kama chujio. Mara mbili nilitaka kuruka tundu moja la pambo, nani atahesabu, nikakumbuka wewe ulihesabu.

Nilimpelekea Bi Shamsa siku mbili kabla ya harusi. Akaivika kwenye ngumi yake, akaizungusha mara moja, akaizungusha tena, akasogea nayo penye mwanga. Akaniuliza, "Umeungia wapi?" Unajua kwamba katika kazi yetu hakuna sifa inayoipita hiyo. Nikamwambia, "Anayejua ni Mwanahawa." Akakuombea rehema, na mimi nikaitikia amina.

Tangu hapo nimeletewa kazi mbili za harusi, na kitambaa chako kimeshakwisha. Sijui kama naweza. Mikunjo yangu ya kwanza ilikwenda upande, ya pili ikatoka kumi na tano, sijui nilifanyaje. Ninakuahidi hili moja tu: sitaingiza sindano kabla sijajua ncha zitakutana wapi, watu wacheke wasicheke. Pumzika, wifi. Mungu akulaze pema, na uniwie radhi kwa neno lile.

Ninakuandikia nikiwa barazani, bafta iko mapajani, leo siku ya tatu. Mama amepita hivi sasa, ameniangalia, ameniuliza kama naumwa au nimekosa kazi. Nimemwambia, "Ninashona, mama. Sindano ndiyo bado."

Hakucheka. Ameketi kando yangu.

Wifi yako,
Mwajuma