Mtu wa Mlango na Babake Nabwire

Tororo, Jumatatu asubuhi

Dada Wakesho mpendwa,

Pokea salamu zangu zote, ugawe nusu kwa Mama. Goti lako laendeleaje? Na Mama, bado anakataa dawa ya zahanati mpaka muuguzi aionje kwanza? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na huku mvua imeanza.

Katika barua yako ulinigombeza kwamba kazi yangu ya kufasiri sinema ni kuwapigia watu kelele za makauboi, na kwamba hujasikia hata siku moja nimefasiri picha ya kumfanya mtu afikiri. Basi Mungu alikusikia. Mwenye ukumbi wetu, Bwana Jivan, ana mwana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Kijana huyo alituletea picha ambayo, kwa maneno yake, wataalamu wa huko waliipigia makofi wakiwa wamesimama.

Nikueleze habari yake. Mtu amebeba mlango mgongoni, anavuka jangwa. Nimemaliza.

Jumapili, si hii ya jana bali ya kabla yake, mchana ukumbi ulijaa wachuuzi kutoka Busia, mafundi, akina mama wa samaki, na kwa bahati yangu mbaya, Mzee Wandera, katekista wa Lumino. Huyu ndiye babake Nabwire, yule mshonaji niliyekuandikia habari zake. Mzee alipanda basi makusudi, aione kazi ninayofanya kabla ya kunijibu posa yangu. Nikamketisha mstari wa mbele na binti yake, nikashika kipaza sauti, taa zikazimwa.

Mtu akatembea. Mchanga ukapeperuka. Mtu akaendelea kutembea.

"Mfasiri, sema!" akapaza sauti mchuuzi mmoja.

"Hajasema kitu," nikajibu.

"Basi sema anachofikiri!"

"Anafikiri."

"Nafikiri nini?" akauliza, kwa Kiswahili cha huku kinachomeza herufi.

"Hajasema."

Ukumbi mzima ukacheka isipokuwa Mzee Wandera. Alimgeukia Nabwire, akamwuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri uwanjani, "Huyu kijana nalipwa kwa kunyamaza?"

Dada, nilitamani sakafu inimeze. Watu nao wakaanza kujifasiria wenyewe. Seremala mmoja alisema mlango ule ni wa mvule. Mwenzake akasema mvule ungekwisha mvunja mgongo. "Hayo ni magendo," akasema mama wa samaki. "Hamwoni anavyokwepa barabara?" Mwisho yule mtu akasimama, akatazama juu, akafungua kinywa. Nikaruka kwa furaha. Alisema neno moja tu, nami nikalifasiri kama tarumbeta: "LABDA!" Nilipigiwa makofi kuliko siku zote za makauboi.

Mwishoni aliusimamisha mlango mchangani, peke yake, bila ukuta wala nyumba. Akabisha hodi. Akangoja mpaka watu wakaacha kutafuna karanga. Mlango ukafunguka, akaingia, ukafungwa. Taa zikawashwa. Nyuma mtu akalia, "Rudisheni hela zetu!"

Mzee Wandera akanijia polepole, fimbo mkononi.

"Alibisha kwa nani?"

Nilifikiri nimpe jibu zuri la kikanisa. Lakini nilimtazama usoni nikaona haniulizi kwa mchezo.

"Sijui, Mzee."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa. Na nimeitazama mara mbili, juzi na leo."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilitoka vitani Burma na bawaba mbili za mlango mfukoni. Bawaba tu. Nyumba sina, mke sina. Kila mtu nauliza, Wandera, chuma hiki cha nini? Nami sijui kusema." Kisha akaongeza, "Yule aliyemposa Nabwire kabla yako alijua kila kitu. Tulichoka naye."

Akatoka. Nikabaki sijui kama nimekubaliwa au nimefukuzwa.

Sasa wewe uliyetaka picha ya kufikirisha, maoni yangu haya basi. Ile picha haimdharau mtazamaji. Inamwachia nafasi ya kuweka maisha yake mwenyewe, na makauboi hawajawahi kunifanyia hivyo. Mchanga ule umepigwa picha vizuri hata nilihisi kiu. Lakini aliyeitengeneza alilipenda mno wazo lake, akamsahau mtu wake. Jamaa anavuka jangwa zima bila kunywa maji, bila kujikwaa, bila kumtukana yeyote! Mtu aliyebeba mlango lazima atukane. Nabwire alikuwa mkali zaidi. Tuligombana njia nzima mpaka kituo cha basi. "Ni picha iliyosahau kwamba sisi tumekaa kwenye mbao ngumu," alisema.

Kijana wa Bwana Jivan alitaka kuirudisha filamu kwa aibu. Baba yake akakataa, kwa sababu sokoni Busia hapakuwa na mazungumzo mengine. Juzi Jumamosi tukaionyesha tena, na Mzee Wandera akaja na kwaya nzima ya Lumino. Kabla sijafungua kinywa alikwisha ninyang'anya kipaza sauti.

Alifasiri kila hatua. Hapa nakumbuka mama yake. Hapa viatu nambana. Hapa nafikiri, nikifika watanijua kweli? Yule mama wa samaki alilia kwa kwikwi. Neno lile moja Mzee alilifasiri mpaka jamaa akawa amefika kwenye kilima kingine. Picha ikaisha, kitambaa kikawa cheupe, yeye anaendelea, na hakuna aliyeinuka. Hata Nabwire alisahau mbao.

Pale mlangoni Mzee akanirudishia kipaza sauti, akasema, "Waite watu wako waje. Nitawapokea."

Basi Dada, njoo na Mjomba kabla ya mavuno. Nisalimie Mama, shemeji yangu fundi baiskeli, na Shangazi wa Mwatate aliyenifundisha kusoma. Mwambie Mjomba ale vizuri kabla ya kuingia Lumino, kwa maana Mzee ameahidi kuwasimulia picha yote tangu mwanzo ndipo chakula kiletwe.

Mdogo wako, mwenye furaha isiyo na adabu,

Mwakio