Shahidi wa Pili wa Mlingoti

Barazani, kando ya kinyozi,
Jumapili, baada ya ibada ya pili.

Mpendwa mdogo wangu Kichuguu,

Pokea salamu za dada yako, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani, mdogo wangu? Kile kifua kimeacha kukusumbua, au bado unakohoa asubuhi kama jogoo aliyemeza punje kubwa? Na wifi yangu, mgongo wake umepoa? Watoto wanakua? Kila nikipiga magoti nawataja mmoja mmoja, na wewe nakutaja mara mbili kwa sababu ya kifua. Simu nimepiga mpaka nimechoka. Ananijibu yule binti wa mtambo kuwa hupatikani, na naona sasa hata yeye ananionea huruma.

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Miguu inavimba kidogo jioni kwa kukanyaga cherehani, lakini nikiilaza juu ya kiti inarudi. Kazi ipo. Nimemaliza majoho ya kwaya, na yule mama wa sauti ya kwanza aliyeniapia kuwa amepungua, joho halikumpita mabegani. Nilifumua bila kusema neno. Mungu ameona.

Binti yangu tangu aolewe hunipigia Jumamosi. Anasema ana haraka, nami nasema hata mimi nina haraka, tunakata. Haraka yangu ya nini, sijui. Nyumba ni ileile ya vyumba viwili, ila tangu shemeji yako atangulie imekuwa kubwa. Nikikohoa chumbani hakuna wa kuuliza una nini. Nimeanza kuiacha redio ikisema peke yake jikoni, ili nikitoka kuoga nikute watu. Usinicheke.

Ndiyo maana siku hizi nachelewa kufunika cherehani. Nilihamia baraza jipya, ukuta mmoja na kinyozi, na dirisha lake liko juu ya bega langu la kulia. Ndani ana televisheni, na msimu huu wa mtoano wa mpira wa kikapu marudio yanaoneshwa mchana kutwa. Wateja wakishanyolewa hawatoki. Wanabishana. Mimi nashona huku nikisikiliza, na nikiona mambo yamezidi natia neno dirishani. Wameniita Mama Rebaundi, kwa sababu wanasema kila neno linalogonga ukuta mimi nalidaka, kama mchezaji adakaye mpira uliogonga ubao.

Wanaobishana zaidi ni wawili: kinyozi mwenyewe, mtu wa pole, na dereva mmoja wa lori ambaye ana upara mtupu lakini haondoki kwa kinyozi. Juzi ilikuwa habari ya faulo. Mchezaji aliruka kwenda kikapuni, akapigwa mkono waziwazi, refa akatazama pembeni. Kinyozi akasema ile ni faulo, alistahili mitupo yake huru. Dereva akasema mtoano si mahali pa kulialia, na kwamba faulo ya mechi za kawaida ikifika mtoanoni ni salamu tu. Nikaingiza kichwa dirishani nikawauliza, kwani dhambi ya Jumapili si dhambi? Walicheka mpaka kinyozi akazima mashine asije akamchuna mtu.

Wakimaliza faulo huhamia kwa nani bora wa nyakati zote. Kinyozi ana wake wa zamani, dereva ana wake wa sasa. Dereva husema yule wa kinyozi alikuwa akichuma maembe ya mti mfupi, maana wapinzani wake walikuwa dhaifu, nusu yao wakichechemea. Kinyozi humjibu kuwa yule wa dereva akipitiwa na upepo huanguka, kisha humtazama refa. Mabishano hayo hayana mwisho, na ndivyo wanavyoyapenda.

Lakini wana sheria yao moja. Humtetei mchezaji kama hukumwona kwa macho yako, uwanjani au kwenye televisheni, na lazima apatikane mwingine aliyemwona. Mashahidi wawili, kama Maandiko yasemavyo. Sheria hiyo ilikuja baada ya dereva kumtetea mtu majuma mazima, kumbe alimsoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa misumari, na mtu mwenyewe alikuwa mpiga ngumi.

Sasa nije kwenye jambo langu, mdogo wangu. Wiki iliyopita dereva aliniuliza kwa kunichokoza, na wewe Mama Rebaundi, bora wako nani? Sikufikiri hata kidogo. Nikasema Mlingoti.

Wakatazamana. Wakauliza ni Mlingoti wa timu gani. Nikawaambia ni kaka yetu mkubwa, marehemu, aliyekuwa akicheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule, na kwamba mpaka leo sijaona mtu anayeruka vile, akakaa juu kana kwamba kuna aliyemshika kwapani. Dereva akasema, mama, huyo alikuwa akiwafunga watoto wa shule ya Jumapili. Nikamwambia alifika fainali ya mtoano, na alichezewa faulo mbaya ambayo haikupigiwa filimbi. Akataka shahidi wangu wa pili. Nikasema yupo, ila yuko mbali.

"Asiyekuwapo na lake halipo," akasema dereva.

Nilicheka pamoja nao. Lakini nilipofunga cherehani, lile neno lilinifuata mpaka mlangoni kwangu. Nikawaza ni akina nani wa nyumba yetu waliokuwa pale siku ile. Baba, mama, shangazi, Mlingoti mwenyewe. Wote wametangulia. Nimebaki mimi na wewe.

Jumanne akaja mzee mmoja kunyolewa ndevu. Kinyozi akaniita dirishani, akasema huyu zamani alikuwa refa, na ndiye aliyekuwa akichezesha fainali za hapa kwetu. Nikaingia na tepu yangu ya kupimia shingoni. Ndiye kweli, nilimtambua kwa yale masikio yake. Nikamkumbusha fainali ile ya mwaka wa mvua nyingi. Akaikumbuka vizuri, hata akafurahi. Akataja mistari iliyofutika wakaichora upya kwa chokaa, na mpira uliochakaa mpaka ukawa laini kama papai, na viatu alivyoazima vikamuuma. Nikamuuliza, na Mlingoti? Akafikiri, povu likiwa kidevuni. Akauliza, Mlingoti yupi? Nikamweleza: mrefu kupita wote, alipanda upande wa kulia dakika ya mwisho, akapigwa gotini angali hewani, akaanguka, filimbi haikulia, wale wengine wakakimbia na mpira wakafunga huku yeye yuko chini.

"Mama," akaniambia, "nimechezesha fainali nyingi. Walioanguka ni wengi."

Hakusema kwa ubaya. Akamgeuzia kinyozi shavu la pili. Hakuna aliyecheka, hata dereva. Nikarudi kwenye kazi yangu nikashona mkono wa blauzi ndani nje, ikabidi nifumue.

Angesema haikuwa faulo ningestahimili. Tungebishana mpaka jua litue, na Mlingoti angekuwa katikati yetu. Lakini hamkumbuki kabisa. Unajua mwenyewe, goti lile ndilo lililomtoa uwanjani asirudi tena. Tangu siku ile akawa anapanda ngazi hatua moja na kupumzika, kama mzee, naye alikuwa kijana, na hivyo hivyo mpaka tukamzika. Na mtu aliyekuwa na filimbi mdomoni, kwake ilikuwa alasiri kama nyingine.

Tangu hapo nimeanza kujishuku. Mimi nilikuwa nje ya ukuta wa uwanja, nimesimama juu ya tofali, na mbele yangu vichwa vya watu. Niliona mguu wa yule beki aliyekuwa akimkaba ukimwendea. Au nadhani niliona. Mlingoti mwenyewe kila aliyemuuliza alimjibu, nilianguka tu, kisha akaleta habari nyingine. Siku zote nimeamini alikuwa akimstiri yule kijana, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, hakutaka mtu alaumiwe kwa ajili yake. Sasa nikiwa peke yangu najiuliza, je, kama alikuwa akisema kweli? Je, kama mimi ndiye niliyeiumba faulo ile, nikaibeba miaka yote hii na kumchukia kijana wa watu bure? Nimelipeleka hata katika maombi, na huko sijapata jibu. Nadhani Mungu ananielekeza kwako.

Wewe ulikuwa chini ya nguzo ya kikapu, umemshikia fulana yake kavu. Hakuna aliyekuwa karibu kuliko wewe. Na mimi na wewe hatujawahi kulizungumza, hata siku ya mazishi. Tulizungumza habari za viti na maturubai.

Jana dereva alikuja akasimama hapa barazani, akavuavua kofia yake, akaniambia nimwandikie ndugu yangu, kwa kuwa kinyozi amekubali barua ihesabiwe kama mdomo. Nilimshukuru, ana moyo mzuri akiacha utani. Ila nakwambia wewe, siandiki kwa ajili yao. Wabaki na bora wao, walio hai na walio kwenye televisheni.

Usiniandikie jambo la kunifurahisha. Kama uliuona mguu, sema uliuona. Kama alianguka mwenyewe, sema alianguka, nami nitalisoma hivyo hivyo dirishani wote wasikie. Kama umesahau, hilo nalo niandikie, ila uongeze chochote unachokumbuka, hata iwe soksi zake, hata alivyokuwa akitutania mimi na wewe njiani kurudi nyumbani. Nimechoka kumkumbuka peke yangu.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kile kitambaa chake cha maua sijakikata, nangoja vipimo. Wasalimie watoto wote, na yule kitindamimba mbusu kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Msalimie na yule fundi bomba mnayepanga naye, aliyenibebea mzigo nilipokuja.

Mungu akutangulie uendako kazini, akusubiri mlangoni urudipo, na asikuache siku hata moja ukala peke yako.

Mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,
Mama Rebaundi.

Tafadhali nijibu mapema.