Mama, Kunde Zilichacha Nikakusingizia Wewe

Mama,

Shikamoo. Kabla sijaanza, nakuomba haya yabaki baina yetu wawili. Usimwambie mtu, hata Bibi uliyemkuta huko. Wajua Bibi alivyo, siri kwake hailali. Baba hajui. Kaka Hamisi hajui. Ningekuja kaburini nikwambie kwa mdomo, lakini siku ile sisi wanawake tulibaki nyumbani, na mpaka leo Hamisi ndiye anayejua hasa ulipolazwa. Mimi nina kalamu tu.

Nilipata kazi, Mama. Wiki tatu baada yako. Ni ofisi ya kutoa mizigo bandarini, iko Changamwe. Tuko makarani watatu chumba kimoja: mimi, Kilonzo aliyekuja kutoka bara, na Bi Saumu, mkubwa wetu. Muda wangu wa majaribio ukiisha, yeye ndiye atakayeandika kama nibaki au niende. Namwogopa. Hasemi sana na hasahau kitu. Nikikosea namba moja katika hati huitia alama ya penseli, akanirudishia bila kunitazama.

Wengi pale hununua chakula kibandani, chipsi au wali unaong'aa mafuta. Mimi sikuthubutu. Nilikumbuka Baba alipopatwa na presha, ukaanza kumfungia chakula cha kwenda nacho kazini: nusu ya bakuli mboga, kunde au mbaazi, sima ya mtama kidogo, mafuta kwa kijiko na si kwa chupa. Ulikuwa ukisema, "Sisi hatuna pesa za kuugua, basi na tule mboga." Siku yangu ya kwanza nikapika kunde za nazi kama zako, nikafunga.

Ofisini kwetu wanaokuja na chakula huweka meza moja, kila mtu akafungua chake, watu wakachanganya. Nilifungua bakuli. Bi Saumu akaonja, akatulia.

"Haya ni mapishi ya mtu mzima," akasema. "Ni mamako huyu?"

Nilitaka kusema, Mama. Wallahi nilitaka. Lakini nikasema, "Ni yeye."

"Msalimie sana. Mwambie Saumu asema mkono wake haujambo."

"Zitafika, inshallah."

Hivyo ndivyo nilivyoingia, na kutoka nikashindwa. Kila siku salamu. Siku ya mchicha, siku ya mbaazi, siku ya samaki wa kuchoma na kachumbari. Kilonzo naye na mambo yake: "Mwambie mathe, kama ana binti mwingine anajua kupika hivi, mimi niko." Bi Saumu akamkata, "Wewe chai tu yakushinda, mtoto wa watu utamlisha nini?" Nikacheka nao. Kwa nusu saa kila mchana palikuwa na mahali ambapo wewe u hai, umeamka mapema, umekwenda sokoni umelalamikia bei ya nazi. Nilikutungia hata mafua, Mama, kisha nikakuponya.

Lakini ni wewe uliyenifunza kuwa salamu ni amana. Mtu akikupa salamu umebeba mzigo wake mpaka uufikishe. Mimi nilibeba za miezi sita, na sikuwa na pa kuzitua.

Sasa nikwambie la Jumatatu. Niliamka nimechelewa. Tui nililimimina mwisho, nikaepua kabla halijachemka likaiva. Kisha nikafunika bakuli lingali linafuka. Najua. Wewe ulikuwa ukiliacha wazi dirishani mpaka lipoe, hata Baba akisimama mlangoni akinung'unika kuwa atachelewa. Mimi nikafunika, nikakimbilia feri ya Likoni. Na feri siku hiyo ilikawia, nikasimama juani na mfuko kifuani.

Mchana nilipofungua, Bi Saumu alikuwa ameshameza matonge mawili kabla hatujasikia ile harufu. Kunde zilikuwa zimefanya povu pembeni.

"Haiya," akasema Kilonzo, "leo mathe ametuletea maziwa lala."

Bi Saumu akafuta mdomo polepole. "Mamako leo hakuonja. Mtu akipikia watu huonja. Au mkono umeanza kumtoka."

Hakuna aliyenilaumu mimi. Nikainamisha macho. Mama, maiti hasemwi. Hata yule jirani aliyekula kuku wako, alipokufa uliwanyamazisha watu barazani: "Keshakwenda, mwacheni." Nami nilikaa pale nikiwaacha wakuseme, nikitafuna kiazi kilichopoa, kwa sababu naogopa penseli ya mtu.

Kesho yake Bi Saumu akanijia mezani, sauti imelainika. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Nimefikiri sana," akasema. "Mpishi kama yule hakosei bure. Mamako anaumwa, nawe wanificha. Jumapili navuka Likoni nikamjulie hali. Hupenda machungwa?"

Nikasema hupenda. Hata hapo nikasema hupenda.

Siku mbili nilitafuta njia ya kutokea. Nilifikiri kusema umesafiri. Nilifikiri kuacha kazi. Karani aliyeweza kumzulia mamake uhai, nani atamwamini na hati za watu? Lakini akilini nilimwona Bi Saumu mlangoni petu, mfuko wa machungwa mkononi, na Baba anamfungulia. Baba angemwambia. Na Baba angejua.

Alhamisi nilimkuta peke yake kwenye kabati la mafaili.

"Bi Saumu, mamangu hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Amefariki. Kabla sijaajiriwa. Vyakula vyote nimepika mimi. Hata zile kunde zilizochacha."

Akakaa juu ya boksi la karatasi. Akasema inna lillahi kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza, "Na salamu zangu ulikuwa ukizipeleka wapi?"

Nikafunga mlango wa kabati.

"Umenifanya nimseme maiti," akasema. "Nani ataniombea radhi kwake?"

Akainuka akaenda kunawa mikono, na wala hakuwa amekula.

Tangu siku hiyo hula mezani kwake, ametupa mgongo. Kilonzo husimama katikati na sahani yake asijue akae wapi. Jana aliniambia, "Pole, Mwanaidi," kisha akaenda kukaa karibu na mlango. Bakuli langu nalifungua peke yangu. Ripoti yangu ya majaribio haijaandikwa. Kila karatasi anayonirudishia, kabla sijaisoma natafuta kwanza ile penseli. Huenda nikafukuzwa, Mama. Sijui nitamwambiaje Baba sababu.

Basi pokea amana zako. Bi Saumu anakusalimu, kwa kunde, kwa mchicha, kwa mbaazi za siku ile ya mvua, alizokula mpaka akaramba kidole. Kilonzo anakusalimu, pamoja na upuuzi wake. Na Bi Saumu anakuomba radhi. Hakunituma, lakini aliuliza nani atamwombea, nami sioni mwingine. Msamehe, alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua. Kwangu mimi, fanya utakavyoona. Mkono wako haukukutoka, Mama.

Nakuahidi hili: atakayeniuliza ni nani kapika, nitasema ni mimi, kiwe kitamu au kibaya. Jina lako sitalitia tena mbele yangu kama ngao. Nitaendelea kufunga chakula cha Baba na changu, hata nikikosa kazi ya kukipeleka.

Pumzika, Mama. Mola akupe nafasi na mwangaza huko uliko.

Ukitaka kunijia, usinitafute Changamwe. Kule sasa wanajua. Siku za kazi niko jikoni tangu alfajiri, kabla Baba hajarudi msikitini. Usipite mbele, majirani wataona. Zunguka uani, ule mlango wa bati, komeo siweki. Usipige hodi. Ni kwako.

Mwanaidi