Mstari wa Chokaa Uliovuka Ua Wetu

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Anayekuandikia ni kaka yako, mwenye miaka themanini na mbili, niliyewazika wake wawili, madereva watatu wa malori walionicheka kwa kutembea kwa miguu, na yule daktari aliyeniambia nisipoacha chumvi sitaiona sabini. Chumvi sijaacha. Nasikia vizuri, naona vizuri nikifumba jicho moja, na meno niliyobaki nayo yananitosha kwa sababu sina watu wengi wa kuwauma. Wewe je? Kile kiuno kimekuacha au bado kinakudai? Na mwanao wa mwisho, ameanza kupokea simu za mjomba wake au bado ana shughuli nyingi kama waziri?

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu yako naijua: nikifika katikati ya neno unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua haikatwi. Mwandiko wangu ukikushinda, mwite huyo mwanao akusomee, ila sehemu ya mwisho ujikaze uisome mwenyewe, kuna mambo yetu wawili.

Habari kubwa ni maktaba. Unaikumbuka ile ya zamani, chumba kimoja nyuma ya zahanati. Mvua ikinyesha mkutubi alifunika vitabu kwa nailoni, wasomaji wakafunikwa na Mungu. Mchwa walikula rafu yote ya chini, mkutubi akasema angalau hao walimaliza vitabu walivyoazima. Sasa inajengwa mpya, kwenye ule uwanja uliopakana na kiwanja chetu, upande wako. Kamati ya ujenzi ina watu wengi wenye miwani, mwenyekiti wake ni Mwalimu Mkuu mstaafu, na mimi nimo. Hawakuniita, niliingia na kiti changu mwenyewe. Niliwaambia mtu aliyelinda ghala la simenti maisha yake yote, na usipotee hata mfuko mmoja ukiacha ile iliyolowa, hawezi kuachwa nje ulinzi unapozungumzwa. Hakuna aliyebisha, au walibisha wakati mimi naongea.

Mchora ramani ni msichana mwembamba tunayemwita Binti Kamba, kwa sababu haonekani bila kamba ya kupimia shingoni. Alitukuta tunaigombania karatasi ya ramani yake, kila mtu ameishika upande wake. Mimi, sitakuficha, niliishika juu chini na nikaisifu. Akaikunja, akasema karatasi haiwezi kumwambia mtu kama bega lake litapita. Kesho yake akaja na magunia ya chokaa, akaichora maktaba nzima pale uwanjani kwa ukubwa wake halisi: kuta, milango, rafu, meza, mpaka choo. Akatuomba tuishi humo wiki kadhaa kabla halijawekwa jiwe hata moja. Tuingie kwa mlango, tukae, tuazime, tutoke, na kila kinachotukwaza tumwambie.

Mdogo wangu, watu walicheka siku moja tu, kwa sababu mlangoni nilikuwa mimi na fimbo yangu. Aliyekanyaga mstari nilimrudisha azunguke, nikimuuliza kama kwao huwa anapita ukutani. Muuza maji alijifanya hajui, akakatiza na mkokoteni wake katikati ya chumba cha magazeti. Nilimfuata mpaka bombani. Baada ya hapo walizunguka wenyewe hata nikiwa sipo. Mkutubi akaanza kunong'ona akiwa ndani ya chokaa na kupaza sauti akishatoka.

Mimi nilitaka mlango mmoja, madirisha ya juu, na nondo kila mahali. Kitabu ni mali, na mali ina mlango mmoja. Binti Kamba hakunibishia. Alisubiri mpaka tumejaa, akapiga filimbi, akatangaza kwamba moto umeanzia rafu za mwisho, tutoke. Nakwambia moto haukuwepo lakini tuliungua. Wote tulibanana kwenye mlango wangu, Mwalimu Mkuu akapoteza kiatu, na muuza maji akanitia kiwiko cha mbavu ambacho hakikuwa cha moto, kilikuwa cha mkokoteni. Nilipopata pumzi nikamruhusu Binti Kamba aongeze mlango wa pili, unaofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani. Watu wanasema ni wazo lake. Sawa, lakini ruhusa ilikuwa yangu.

Tatizo lililobaki ni la fundi cherehani. Humjui, alihamia hapa baada ya wewe kuondoka. Ni mwanamke wa makamo, anatembelea kiti cha magurudumu, na anasoma kuliko kamati nzima ukiitia kwenye gunia moja. Alipoingia kwenye chokaa akakata kona kati ya rafu mbili, gurudumu likafuta mstari. Nikamrudisha. Akajaribu kwingine, likafuta tena. Nikamrudisha tena, kwani sheria ni sheria. Mara iliyofuata hakusubiri nimwambie. Alitoka taratibu kwa mlango, akaegesha kiti chake upande wa nje wa mstari, juani, akafungua kitabu. Akaniambia nisijali, ukuta wangu ni mzuri, yeye amezoea kusomea nje. Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kumjibu.

Binti Kamba akapima upya. Akaieleza kamati kwamba njia za kati ya rafu zikipanuliwa inavyotakiwa, chumba cha watoto kinakwisha, labda jengo lisogee kwenye kiwanja cha jirani kwa upana wa chumba kimoja. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba jirani aliombwa mwanzoni kabisa akakataa, jambo limefungwa. Jirani huyo ni sisi, mdogo wangu. Hilo la kukataa nitalifikia, usinisukume. Basi wakapatana kwa shingo upande kwamba fundi cherehani atakuwa anaagiza kitabu na kuletewa mlangoni, kama mgonjwa anayeletewa uji. Walioafiki wakaombwa wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu. Ulikuwa mzito, na mimi nimebeba mifuko ya simenti, uzito naujua.

Yule mama hakuacha kuja. Kila siku yuko palepale nje, na mimi mlinzi mlangoni, tunatazamana kama wapangaji waliogombania ufagio. Siku moja nikamwambia aingie hata hapo karibu, akifuta mstari nitafumba macho. Akasema babu, matofali hayatakuwa na macho ya kufumba.

Kisha ikanyesha mvua ya kweli, ikaondoka na maktaba yote. Binti Kamba alikuwa amesafiri kufuata vibali. Mwalimu Mkuu akasema tumsubiri. Mimi nikasema maktaba hii naijua kuliko kitanda changu, nitaichora mwenyewe. Nikaichora, kwa kamba na vigingi, na haikupinda. Nilipofika upande wetu nikang'oa nguzo za ua, moja baada ya nyingine, nikazilaza pembeni, nikaendelea kumwaga chokaa ndani ya kiwanja chetu. Fundi cherehani akanikuta nimeinama. Akaniuliza kama nimepotea njia au nimepotewa na akili. Nikamwambia aache maneno, aingie anipimie.

Akaingia kwa mlango. Akapita kati ya rafu, akageuka, akarudi, akageuka tena bila sababu yoyote, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Hakuna mstari uliofutika. Akafika penye meza ya dirishani, akakaa hapo, na kitabu hakukifungua.

Binti Kamba aliporudi alipima kila kona, akanikosoa kwenye choo tu, tena kidogo. Akasema mchoro unafaa, lakini hawezi kuchimba msingi kwenye ardhi ya mtu kwa ruhusa ya chokaa. Anataka neno la wenye kiwanja, wote wawili, kabla mvua kubwa hazijaanza. Asipolipata, msingi utachimbwa pa zamani, na kitabu kitapelekwa mlangoni. Ndipo Mwalimu Mkuu, mbele ya watu wote, akaniuliza kama yule dada yangu aliyekataa amelainika.

Haya, mdogo wangu, tumefika. Wewe hukukataa kitu. Hukuulizwa. Walipokuja kuniomba mwanzoni, asiyetaka nilikuwa mimi, kwa sababu niliona wananizoea. Na kwa kuwa kukataa mwenyewe kungeniharibia jina, nikawaambia moyo wangu ni mweupe, ila dada yangu ni mgumu kama jiwe la kusagia, alimshinda hata mama. Maneno yakanipendeza, nikayarudia kila waliponiuliza. Hapa mtaani unaitwa Bibi Hapana. Watoto ambao hawajawahi kukuona wanatishana kwa jina lako. Ulipokuja mara ya mwisho uliniuliza mbona watu wanakusalimia kwa mbali, nikakujibu kwamba wanakuheshimu.

Mwalimu Mkuu nilimjibu ukweli, palepale, nimesimama. Aliyecheka ni muuza maji peke yake, na siku hiyo sikumfuata. Nisamehe. Hilo neno siliandiki mara nyingi, ndiyo maana limekaa vibaya hapo kwenye mstari.

Najua upande ule ulitaka kujenga vyumba vyako viwili na baraza ukishaacha kazi. Sitakudanganya tena kwamba vitatoshea, havitatoshea. Basi chukua upande wangu. Anzia lilipo banda langu la kuku uje mpaka utakapochoka. Hata baraza yako ikigusa dirisha langu, nitajifunza kukohoa polepole. Binti Kamba amepima, amesema inawezekana. Na ukisema hapana, safari hii itakuwa hapana yako mwenyewe. Nitazirudisha nguzo kwa mikono hii hii, na atakayekuita jina baya nitamfuata mbali kuliko bombani.

Jibu lako usinipe mimi. Mwandikie Mwalimu Mkuu, maana neno langu juu yako halipokelewi tena.

Msalimie shemeji, mwambie ile suruali aliyoisahau iko salama na inanikaa vizuri kuliko ilivyomkaa yeye. Wasalimie wanao wote, na yule waziri mwambie mjomba yu hai. Kiuno ukikande kwa maji ya moto, usingoje kikuombe.

Ukidhani nimetia chumvi, wa kuwauliza wapo. Habari za mlango wa pili anazo Mwalimu Mkuu, anatembea nazo kiatuni. Uongo wangu shahidi wake ni mtaa mzima. Kuhusu ua na chokaa muulize fundi cherehani, hanipendi kiasi cha kunitetea. Hutamtafuta sana. Mchana wote yuko kwenye meza ya dirishani, pale ambapo bado hapana meza wala dirisha, na hilo jibu lako analingoja kuliko mimi.

Ni mimi kaka yako,
Mlinzi