Dumu la Asali la Baba

Jumatatu, 9 Juni

Nimefua, nimemwagilia mchicha, nimempa mama uji. Kisha gari.

Pikapu ya baba haijawashwa tangu tumzike mwaka jana. Kikao cha familia kimeamua iuzwe, na mnunuzi atatoka Nzega Jumatatu ijayo. Mama hakubisha. Ameomba kitu kimoja tu: Jumamosi nimpeleke Ulyankulu kwa mama mdogo, kwa gari hilohilo, kwa njia ileile aliyopita na baba miaka yote wakifuata asali. Nimemwahidi.

Tangi lilikuwa kavu. Nikachukua dumu stoo, nikalisuuza kwa maji moto, nikapanda bodaboda hadi kituo cha mafuta. Fundi Hamisi akafunga betri. Gari likawaka. Mama alisimama akapiga kigelegele, na miguu yake ile isiyotaka kumbeba.

Dakika tano baadaye likaanza kukohoa.

Jumanne, 10 Juni

Linatetemeka. Nikikanyaga mafuta linazima. Hamisi amebadilisha plagi zote, hali ileile. Baba angeweka kiganja juu ya boneti, afumbe macho, asikilize. Mimi sina mkono huo. Nina hasira tu.

Nikaamua: mafuta yamechakachuliwa. Nikaenda kituoni moja kwa moja.

Anayejaza mafuta pale ni Bi. Zuhura. Yeye Mzaramo, sisi Wanyamwezi. Watani, tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani wakienda pwani. Kwenye msiba wa baba alivaa kofia ya marehemu, akaketi kwenye kiti chake, akatangaza kwamba pikapu sasa ni yake. Tulicheka huku tunalia. Baba angefurahi.

Leo nilimwita mwizi mbele ya watu. Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Naye alicheka kidogo, kisha akaniangalia usoni.

"Leo huna utani, mtani wangu," akasema. Akamgeukia mteja mwingine.

Jumatano, 11 Juni

Hamisi yuko Bukene, msibani. Gari limekaa.

Mama ameshafunga mzigo: mchele, kanga mbili, picha ya baba. Kila nikipita ananiuliza kama limepona. Nimejibu vibaya. Nimeomba radhi. Naogopa kumvunjia ahadi kuliko ninavyoogopa kitu chochote wiki hii.

Alhamisi, 12 Juni

Hamisi amerudi. Akafungua mpira wa mafuta, akakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaiweka juu ya ukuta. Tukangoja. Petroli ikapanda juu, maji yakakaa chini. Maji yenye rangi ya chai nyepesi.

Akayavuta kidogo kwa bomba la sindano, akanusa. Akanipa na mimi ninuse.

Asali.

Nilienda stoo kuliangalia lile dumu. La njano, limefungwa kamba nyekundu shingoni. Dumu la asali la baba. Nimelisuuza, sikulikausha. Masalia ya asali na maji ya kusuuzia nimeyapeleka kituoni mwenyewe, nikayajazia mafuta mazuri ya Bi. Zuhura. Kila baada ya kurina asali, baba alilitundika kwenye uzio, mdomo chini, wiki nzima juani. Alinifundisha nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nalishikilia kwa chini, yeye anafunga kamba. Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini, na hilo moja nimelisahau.

Hamisi amemwaga tangi lote, amesafisha kabureta. Aibu hakuna fundi wa kuisafisha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kituoni na chupa ya asali na dumu jipya. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nimesema mbele ya watu: kosa ni langu, maji yalikuwa kwenye dumu langu.

Bi. Zuhura aliipokea ile chupa, akaigeuzageuza juani. Nikajua nimempoteza.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu hadi pwani," akasema, "nyie dumu moja limewashinda."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikalia. Alilichungulia dumu jipya, akalinusa, akaliuliza lenyewe kama limekauka, ndipo akajaza.

Gari linanguruma vizuri. Mama amelisikia akiwa kitandani.

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda Ulyankulu. Tumerudi.

Miombo imepungua sana. Mama alinionyesha hata miti isiyokuwepo: hapa tulilala gari lilipokwama, hapa baba yako aliumwa na nyuki hadi jicho likaziba. Mama mdogo alimshika mkono mchana kutwa.

Baba alikuwa akifika kona ya kwetu Itetemia anapiga honi mara tatu, mama abandike maji ya chai. Leo kwenye kona mkono wangu ukapiga wenyewe. Mara tatu.

"Nani atabandika, nami nimo humu?" mama akasema.

Tulicheka. Kisha tukakaa ndani ya gari, hakuna aliyetaka kushuka wa kwanza.

Jumatatu, 16 Juni

Mnunuzi amekuja asubuhi. Kijana mpole. Ameondoka na gari.

Mama alisimama mlangoni akilitazama. Pale kwenye kona mbuzi walikuwa barabarani. Kijana akawapigia honi, mara moja tu, akapita.

Mama akageuka, akaingia jikoni. Nikasikia sufuria, nikasikia maji. Nikatoa vikombe.