Fremu ya Kumi na Mbili

Mdogo wangu,

Upo? Mimi nipo. Magoti yanalia, macho yanaona yanachotaka, lakini mdomo ni mzima kama unavyoujua. Nakusalimu wewe, mkeo na watoto, ingawa mara ya mwisho uliponipigia simu uliongea kama mtu anayefukuzwa. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unajipaka, au unaiangalia tu kabatini?

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mjukuu wangu alitaka kuniandikia, nimemwambia akapike. Niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iinue uendelee.

Huku nyumbani kuna vituko. Ukuta wa sebuleni umekula maji, rangi inabanduka. Nikamwambia mjukuu, huyu anayekata vioo, atafute rangi. Thubutu! Aliingia uvunguni mwa kitanda changu, akavuta lile sanduku la bati lenye vitabu vyako vya katuni, ulivyoniachia ulipooa. Akaleta vioo vilivyobaki kazini kwao, akatengeneza fremu, akavitundika ukutani. Nilimpa maneno yake. Nilimwambia ukuta wa watu wazima ni wa kalenda na picha za marehemu, si wa mpelelezi mwenye kitambi anayekimbia paka. Akacheka, akasema Bibi, siku hizi watu ndivyo wanavyopamba. Nikamwambia basi hao watu hawana bibi.

Lakini nisikufiche, ukuta umependeza. Chai ya asubuhi nainywa nikiutazama. Fundi bomba alikuja kuziba pale panapovuja, akasimama kusoma mpaka akasahau bomba lenyewe. Nilimtoa kwa ufagio.

Juzi akaja Fundi Saa. Ndiyo, huyo huyo. Usikunje uso, soma. Rafiki yako wa kufa na kuzikana, mliyekuwa mkisoma naye kila toleo vichwa vimegongana, na ambaye hujamtamkia neno tangu mkiwa vijana. Aliniletea saa yangu aliyoitengeneza. Kuuona ukuta, akavua kofia. Akapita fremu moja baada ya nyingine, midomo inacheza, mpaka ya kumi na moja, pale mpelelezi anapofungiwa ghalani na paka wote wale. Fremu ya kumi na mbili ina kioo kitupu, maana toleo la mwisho halimo sandukuni. Mjukuu akamuuliza kama anajua lilikokwenda. Fundi Saa akanitazama mimi, wala si yeye. Halafu akasema vitabu hupotea. Akamaliza chai yake, akaaga.

Chai yangu mimi sikuimaliza.

Sasa kaa chini. Yule mtu hakuiba. Ulimwita mwizi na mwongo mbele ya kijiwe kizima, naye hakuiba. Alisema lile toleo la mwisho, ulilompa pesa akununulie, amelileta nyumbani, na kweli alilileta. Wewe ulikuwa umetumwa dukani, akanikabidhi mimi nikiwa kwenye cherehani. Siku hiyo nilikuwa na gauni la mteja wangu wa kwanza. Kola nilishaiharibu mara mbili, na Baba alikuwa ameapa kwamba nikiharibu tena, cherehani inauzwa. Nilihitaji karatasi ya kuchorea kola. Kwangu mimi vitabu vyako vyote vilikuwa kimoja, mtu mnene na paka. Nikadhani ni cha zamani, nikapitisha mkasi. Ulipokuja kuuliza, vipande vilikuwa miguuni pangu. Nikavisukuma chini ya mashine, nikasema sijaona kitu.

Ile kola ilikaa vizuri mno. Wateja waliiona, wakaja. Mimi nikapata kazi, wewe ukapoteza rafiki, na kila ulipomsema nilinyamaza, nikijiambia nitasema kesho.

Jana nilimfuata kibandani kwake. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja wakati ule. Akasema aliogopa Baba angeuza cherehani, na alidhani hasira yako ingeisha Ijumaa. Ijumaa, mdogo wangu! Imepita miaka arobaini na saba. Kama angenitukana ningemjibu, unanijua. Hakunitukana. Nikalia mimi, mtu mzima, mbele ya saa za watu.

Nikamuuliza basi hadithi ile iliishaje, maana yeye alikuwa ameisoma njiani. Akasema anakumbuka kila picha, lakini mimi hanisimulii. Amekuwekea wewe.

Nikasirikie, ni haki yako. Hata mwaka mzima ukitaka, nitakusubiri. Lakini yeye usimchelewe. Mikono yake imeanza kutetemeka, saa ndogo siku hizi anazikataa. Panda gari uje, na ukifika usianzie kwangu. Kibanda chake ni cha tatu ukitoka posta, mlango wa bluu. Mtajie jina lako, maana umezeeka na huenda asikujue. Yakikushinda maneno, kaa tu kwenye kile kibao chake cha wateja. Yeye ataanza.

Mkeo mbusu kwa niaba yangu, na watoto waambie shangazi yao bado ana nguvu za kuwachapa. Barua hii ukitaka mwonyeshe yeyote. Nimechoka kuficha.

Ni mimi dada yako,
mkubwa kwako kwa miaka, na kwa makosa pia.