Vibao vya Upande wa Kushoto

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba, 1957.

Mpendwa Kaka Isidori,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Liverpool, na kwamba baridi haijaanza kukusumbua. Sisi tunapumua, ndivyo ninavyoweza kusema. Mama, yaani mama yako mkubwa, yuko hapa kwangu tangu msiba. Uchovu wa safari umemwisha, ila chakula anakigusa tu.

Simu ya maandishi niliyokupelekea haikuwa na nafasi ya maelezo. Shajara yangu nayo ina mstari mmoja tu: "29 Agosti. Anselmi amefariki, saa nne asubuhi." Kifua kilimzidi mdogo wangu. Alikuwa ameketi kitandani akinywa uji, akanirudishia bakuli, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

Nakushukuru kwa lile sanduku la meli ndogo ya mbao ya kuunga vipande ulilomletea aliporuhusiwa kutoka hospitali. Hujui lilivyomfaa. Mimi nilimsomea karatasi ya maelekezo, yeye akafanya kazi. Aliunga mkuku, ule uti wa chini wa meli, akasimamisha mbavu, kisha akawa analainisha kila kibao kwa mvuke wa birika la chai na kukibana kwa vibanio vya nguo mpaka gundi ikauke. Kibao kimoja, halafu anapumzika. Mwenye nyumba wetu, Mzee Mwinyimvua, alikuwa akisimama mlangoni kumtania: "Bwana mdogo, meli hiyo itapakia nani, sisimizi?" Naye alikuwa akimjibu, "Nitakupakia wewe, Mzee, ila nauli mbele!" Walikuwa wakicheka wote wawili mpaka kikohozi kimkatishe Anselmi.

Alimaliza upande wa kulia. Vibao vya upande wa kushoto vilikuwa bado sandukuni. Alipoona nguvu zinamwishia aliniambia, "Kaka, imalizie. Mama aipeleke nyumbani Kilema, watu waone sikulala bure."

Sasa nikueleze linaloniumiza. Mama alifika siku ya maziko. Nyumba ilijaa, na wanawake wa mtaani walikuwa uani wakipika. Mama hakukubali kukaa tu. Mkaa ulikuwa haushiki, akatafuta vijiti vya kuwashia. Sanduku lilikuwa limetolewa nje ili watu wapate pa kukaa. Nilipotoka nilimkuta amepiga magoti mbele ya jiko, sanduku tupu. Akaniambia, "Filbert, vijiti vya huku kwenu vikavu kweli, vinashika kama karatasi."

Nikajibu, "Ndiyo, Mama." Chai ile waliinywa waombolezaji, nami niliinywa.

Baada ya siku chache nilimfikishia maneno ya Anselmi, nikamshushia meli kutoka juu ya kabati. Akaipakata kama mtoto, akaigeuza. "Mbona upande huu mbavu tupu?" Nikamwambia vibao vilipungua tangu kiwandani, na wewe utavileta. Tangu siku hiyo anasema harudi Kilema bila meli kamili.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, tafuta sanduku jingine la aina ileile. Nitaanzia pale alipoachia. Mikono yangu ni mizito, watu wataona wazi upande upi ni wake na upi ni wangu, lakini nitamaliza. Na utakapoandika, sema tu kwamba hivi ndivyo vile vilivyopungua. Usiulize vya kwanza vilikwenda wapi. Unajua barua zako mimi huzisoma kwa sauti mbele ya wote, na Mama hukaa karibu nami kabisa.

Shangazi Elieshi anakusalimu sana, na Mzee Mwinyimvua pia, ingawa siku hizi hapiti mlangoni kwetu bila kuinamisha kichwa.

Mungu akufunike huko ugenini. Mama yako mkubwa anakuombea kila jioni. Katika sala hizo jina la Anselmi bado analitaja pamoja na wagonjwa, nasi hatumsahihishi.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Filbert